Winchi ya Darini na Mgongo wa Muuguzi

Swali ambalo wengi huuliza wanapoona kwa mara ya kwanza, iwe katika picha au katika hospitali ya ughaibuni, mgonjwa akining'inia hewani ndani ya kitambaa kilichotundikwa kutoka darini, ni jepesi na lina haki yake: kwa nini hospitali itumie fedha nyingi kufunga mashine juu ya kitanda, ilhali wauguzi wawili wenye afya, au jamaa wanne waliokuja kumjulia hali mgonjwa wao, wanaweza kumnyanyua na kumweka kwenye kiti kwa muda usiozidi nusu dakika? Swali hili limebeba dhana mbili zisizotamkwa. Ya kwanza ni kwamba mwili wa binadamu ni mzigo kama mizigo mingine, na ya pili ni kwamba kuunyanyua ni suala la nguvu na wingi wa mikono tu. Dhana zote mbili zina kasoro, na kasoro hizo ndizo zilizosababisha hospitali nyingi za Ulaya Kaskazini, Kanada, Marekani na Australia kufunga reli kwenye dari za wodi zake.

Mashine inayozungumziwa hapa itaitwa winchi ya darini, kwa kuwa kazi yake inafanana na ile ya winchi za bandarini na za gereji: kuna reli iliyofungwa juu, kuna mota inayotembea kwenye reli hiyo, na kuna mkanda unaoshuka na kupanda ukiwa umebeba kitu. Tofauti ni kwamba kitu hicho kina roho, kinaogopa, na huenda kimeamka na maumivu.

Mzigo usio na mpini

Mfuko wa saruji una kilo 50, na kila kibarua wa ujenzi anajua namna ya kuubeba: huuinamia, huukumbatia, huupandisha begani, kisha hutembea nao akiwa amenyooka. Mgonjwa wa kiharusi mwenye kilo hizo hizo 50, ambazo kwa mtu mzima ni uzito mdogo, habebeki hivyo, kwa sababu mwili wake hauna mpini wa kushika wala umbo lisilobadilika, upande wake mmoja umelegea na mwingine bado una nguvu, na zaidi ya yote amelala katikati ya kitanda, mbali na kifua cha anayetaka kumnyanyua. Isitoshe, mfuko wa saruji haushtuki. Mgonjwa akihisi anaanguka hudaka shingo ya muuguzi kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na hapo ndipo mgongo wa muuguzi hupata mshtuko ambao haukujiandaa kuupokea. Wahenga waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walikuwa wakiwasema watazamaji.

Umbali huo kati ya mgonjwa na kifua cha muuguzi unastahili kuelezwa kwa kituo, maana ndio kiini cha tatizo lote. Dumu la lita 20 likijaa maji huwa na takriban kilo 20, na mtu hulibeba bila taabu likiwa limening'inia kando ya paja lake; lakini mtu yule yule akiinama juu ya meza pana na kujaribu kuliinua dumu hilo kutoka upande wa pili wa meza, mikono ikiwa imenyooka mbele, ataliachia baada ya sekunde chache. Uzito haukubadilika, umbali ndio uliobadilika. Uti wa mgongo hufanya kazi kama wenzo, yaani kama ufito ulioegemezwa mahali pamoja, mzigo ukiwa upande mmoja na nguvu ya kuuinua ikiwa upande mwingine. Misuli ya kiuno huvuta kutoka sentimita 5 hivi tu nyuma ya pingili, ilhali mzigo ulioshikwa kwa mikono iliyonyooshwa unaweza kuwa sentimita 50 mbele yake, kwa hiyo misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu ipatayo mara kumi ya uzito unaonyanyuliwa. Kwa misuli ya kiuno, dumu la kilo 20 limekuwa kilo 200, na nguvu yote hiyo hukandamiza diski, yaani vile visahani vya gegedu vilivyopangwa kati ya pingili na pingili ili kupokea mishindo ya mwili.

Kwa kuzingatia hesabu za namna hii, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, inayojulikana kwa kifupi cha NIOSH, ilirekebisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni yake ya kukadiria uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua kwa mikono bila kujiumiza. Kikomo chake cha juu kabisa ni kilo 23, na hicho ni kwa mazingira yaliyo bora kwa kila hali: mzigo uko karibu na mwili, una vishikio, haunyanyuliwi mara kwa mara, na mbebaji hajipindi. Mwaka 2007 mtafiti wa taasisi hiyo, Thomas Waters, aliitumia kanuni hiyo kupima kazi ya kuhudumia wagonjwa, akafikia kikomo cha pauni 35, ambazo ni takriban kilo 16, tena kwa mgonjwa anayeshirikiana na muuguzi na asiyejitupa ghafla. Kilo 16 ni pungufu ya dumu la maji. Mguu mmoja wa binadamu huchukua takriban asilimia 16 ya uzito wa mwili wake, kwa hiyo mguu mmoja tu wa mgonjwa mwenye kilo 100, ulioinuliwa na muuguzi ili mwenzake aufunge bendeji, unatosha kufikia kikomo hicho kabla mgonjwa mwenyewe hajaguswa kwingine.

Je, wakiwa wawili? Katika miaka ya 1990 William Marras na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walipima nguvu zinazoukandamiza mgongo wa watu wanaohamisha wagonjwa, wakakuta kwamba hata pale wanaponyanyua wawili wawili hatari hubaki kubwa. Jambo hili halishangazi sana likitazamwa kwa makini, kwa kuwa watu wawili hawagawani mzigo nusu kwa nusu: mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, mmoja yuko upande wa kichwa na kifua ambako uzito ni mwingi, na hata wakihesabu moja, mbili, tatu, yuko anayeanza kwenye mbili. Kelele ya harambee huwasaidia wavuta nyavu kwa sababu kamba inapita katikati yao ikiwa imenyooka. Mgonjwa aliye kitandani hana kamba hiyo.

Madhara yenyewe huja kimyakimya. Sehemu ya ndani ya diski haina mishipa ya fahamu, na mishipa ya damu inayoifikia ni haba, hivyo nyufa ndogo zinaweza kuanza bila maumivu na kupona kwake huwa kwa taabu. Muuguzi anayesema kwamba amekuwa akinyanyua wagonjwa kwa miaka kumi bila tatizo huenda anasema kweli tupu, na huenda siku ya tatizo akawa ameinama kuokota kalamu. Haba na haba hujaza kibaba, na kalamu hulaumiwa bure.

*Kwa ufupi:* uzito wa mgonjwa si tatizo peke yake. Umbali wake na mwili wa mbebaji, kukosa vishikio na mijongeo ya ghafla ndiyo huufanya uwe hatari, na kuongeza mtu wa pili hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa.

Kuanzia relini hadi mkandani

Winchi ya darini ina sehemu tano ambazo inafaa zijulikane kwa majina. Reli ni mhimili wa alumini wenye mfereji ndani yake, uliofungwa kwa bolti kwenye dari au kwenye nguzo za ukutani. Mota ni kiboksi kinachoning'inia kwenye magurudumu madogo yanayotembea ndani ya mfereji huo. Kutoka kwenye mota hushuka mkanda imara wa kitambaa, na mwishoni mwa mkanda kuna upau, yaani kipande cha chuma au alumini chenye ndoano pande zake, kinachofanana na henga ya kutundikia koti. Sehemu ya tano ni kitambaa kinachombeba mgonjwa chenyewe, ambacho sura hii itakiita mbeleko, na hakuna msomaji wa Kiswahili atakayehitaji maelezo marefu ya kwa nini.

Winchi nyingi za wodini hubeba kati ya kilo 200 na 270, na ziko zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wazito sana ambazo hufikia takriban kilo 450. Mota huendeshwa kwa betri ambazo huchajiwa mota inaporudishwa kwenye kituo chake mwishoni mwa reli, au wakati wote kupitia reli yenyewe, na hivyo swali la kawaida la Afrika Mashariki, la umeme ukikatika mgonjwa akiwa hewani, lina jibu jepesi: mashine huendelea kufanya kazi kwa betri, na hata betri ikifa kuna kamba nyekundu ya dharura ambayo ikivutwa humshusha mgonjwa polepole. Mwendo wake wa kupanda ni sentimita chache kwa sekunde. Ni wa taratibu kwa makusudi.

Reli hupangwa kwa namna tatu kuu:

- Reli moja iliyonyooka, inayopita juu ya kitanda na kuishia juu ya kiti. Ni rahisi kufunga, lakini mgonjwa hufika pale tu reli inapofika.
- Reli ya kuvuka, ambapo reli mbili hufungwa sambamba kwenye kuta mbili zinazotazamana, na ya tatu hutembea juu yake, kama winchi ya gereji kubwa. Mpangilio huu huifikia takriban kila sehemu ya chumba.
- Reli yenye mikunjo na njia panda, inayotoka chumbani na kuingia bafuni. Ndiyo inayowapendeza wagonjwa kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza vichwa wasanifu majengo, kwa sababu itakayoelezwa mbele.

Kwa nini darini na si sakafuni

Winchi za kunyanyulia wagonjwa hazikuanzia darini. Mmarekani Ted Hoyer, wa mji wa Oshkosh katika jimbo la Wisconsin, aliyepooza baada ya ajali ya gari akiwa kijana, alibuni katikati ya karne ya 20 winchi ya magurudumu inayoendeshwa kwa pampu ya mafuta, mfano wa jeki ya gari, na kifaa hicho kilienea kiasi kwamba hadi leo wauguzi wa Marekani huziita winchi za aina hiyo kwa jina lake, hata zilizotengenezwa na viwanda vingine. Inafaa ikumbukwe kwamba aliyeibuni alikuwa mtu wa kunyanyuliwa, si wa kunyanyua. Viwanda vya Sweden na Denmark, nchi ambazo huduma ya wazee na walemavu ni jukumu la serikali za mitaa, ni miongoni mwa vilivyotangulia kuipandisha winchi hiyo darini.

Winchi ya sakafuni ina faida yake: inahamishika kutoka wodi hadi wodi, na haihitaji jengo lolote maalumu. Lakini inahitaji nafasi ya kugeukia, miguu yake lazima ipite chini ya kitanda, na mtu lazima aisukume ikiwa na mgonjwa ndani. Kusukuma ndiko kunakorudisha tatizo kwa mlango wa nyuma. Vipimo vya baadaye vya kikundi kile kile cha Ohio, vilivyochapishwa mwaka 2009, vilionyesha kwamba kuigeuza winchi ya sakafuni mahali pembamba kama bafuni hutia mgongoni nguvu ya mkato, ambayo ni nguvu inayojaribu kuitelezesha pingili moja juu ya nyingine kama karata zinavyoteleza rundo linaposukumwa kwa ubavu, kwa kiwango kinachopita kile ambacho mgongo unaweza kukistahimili. Winchi ya darini, ambayo husukumwa kwa mkono mmoja tu, ilibaki ndani ya kiwango salama.

Hata hivyo, sababu yenye uzito zaidi haihusu fizikia. Winchi ya sakafuni hukaa stoo, au mwisho wa korido, au wodi jirani iliyoiazima jana, na pengine betri yake haikuchajiwa. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi, ambaye mmoja wao anaomba kwenda haja sasa hivi, hupima dakika za kwenda kuitafuta mashine dhidi ya sekunde za kunyanyua kwa mikono, na uamuzi wake unajulikana kabla hajaufanya. Huo si uvivu wala ujinga. Ni huruma iliyochanganyika na haraka. Winchi ya darini huondoa safari hiyo. Iko juu ya kitanda mchana na usiku, na faida yake kubwa ni hiyo ya kuwapo.

Kitengo kimoja cha matunzo ya muda mrefu katika jimbo la British Columbia, Kanada, kilichofungiwa winchi za darini mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa, kilitoa funzo lenye pande mbili. Majeraha ya wafanyakazi yatokanayo na kunyanyua na kuhamisha wagonjwa yalipungua sana, lakini yale yatokanayo na kumsogeza mgonjwa aliyeteleza kuelekea miguuni mwa kitanda hayakupungua vivyo hivyo mwanzoni. Kumvuta mgonjwa arudi kwenye mto ni kazi inayoonekana ndogo mno kiasi cha kutostahili mashine, ingawa hufanyika mara nyingi zaidi kwa siku kuliko kumhamisha, na muuguzi huifanya akiwa amejipinda. Kwa kazi hiyo kuna mbeleko za aina ya shuka, ambazo mgonjwa huzilalia muda wote, na winchi huzishika kwenye pembe zake inapohitajika.

Sheria zilifuata, kila nchi kwa mtindo wake. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 humtaka mwajiri aepushe unyanyuaji wa hatari kwa kadiri inavyowezekana kiutendaji, na kanuni nyingine za mwaka 1998 hutaka mashine inayonyanyua watu ikaguliwe na mtaalamu kila baada ya miezi 6. Mwaka huo wa 1998, katika jimbo la Victoria nchini Australia, chama cha wauguzi kilitangaza sera ya kutonyanyua wagonjwa kwa mikono. Texas ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria ya kuhudumia wagonjwa kwa usalama, mwaka 2005. Nchini Kenya, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 humkataza mwajiri kumwagiza mfanyakazi abebe mzigo ambao uzito wake unaweza kumdhuru mwili. Haimtaji mgonjwa, lakini wala haisemi kwamba mzigo huo lazima uwe gunia.

Mbeleko, na mtu anayeifua

Watu wengi hudhani kwamba uhodari wa winchi uko kwenye mota. Mota ikiharibika mashine husimama tu. Mbeleko ikikosewa, mtu huanguka. Hiyo ndiyo sababu ya sehemu hii kuwa ndefu kuliko ilivyotarajiwa katika sura inayohusu dari.

Mbeleko ya kawaida ina umbo la herufi U: mgongo wa mgonjwa hukaa kwenye sehemu pana, na masikio mawili hupitishwa chini ya mapaja yake, kila moja upande wake, kisha vitanzi vyote hutundikwa kwenye ndoano za upau. Vitanzi huwa vya rangi mbalimbali kwa ajili ya urefu tofauti. Vitanzi vifupi mabegani na virefu miguuni humfanya mgonjwa akae wima, na kinyume chake humlaza. Kosa la kutundika rangi moja kulia na nyingine kushoto humwinamisha mgonjwa upande, na ni kosa linaloonekana mara tu anapoinuka kidogo, ndiyo maana utaratibu hutaka ainuliwe sentimita chache kwanza, mashine isimamishwe, vitanzi vikaguliwe kimoja kimoja, kisha safari iendelee.

Ziko mbeleko nyingine. Ya chooni ina uwazi mkubwa nyuma na huhitaji mgonjwa mwenye uwezo wa kushikilia kiwiliwili chake. Ya waliokatwa miguu hufungwa kwa namna tofauti kwa kuwa uzito wao umehamia juu, na mbeleko ya kawaida ingewamwaga. Ya mazoezi ni mfano wa fulana, humshika mgonjwa kifuani na nyongani ili ajifunze kutembea tena chini ya reli bila hofu ya kuanguka. Na kuna mkanda mfupi wa kushikilia mguu au mkono mmoja, ambao humwondolea muuguzi ule mzigo wa kilo 16 wakati wa kufunga bendeji. Mgonjwa ambaye uti wake wa mgongo umevunjika na bado haujaimarishwa hawekwi katika mbeleko ya umbo la U hata kidogo, bali huinuliwa akiwa amelala bapa, kwa kifaa cha mfano wa machela.

Ukubwa nao una maana. Mbeleko kubwa mno humruhusu mgonjwa kuteleza kupitia uwazi, na ndogo mno hubana mapaja na kukwaruza ngozi ya mtu ambaye huenda tayari ana vidonda vya mgandamizo, yaani vile vidonda vinavyotokana na kulalia sehemu moja kwa muda mrefu. Mbeleko ya kiwanda kimoja kutumiwa na upau wa kiwanda kingine ni mchezo ambao watengenezaji wenyewe huonya dhidi yake.

Kisha yuko dobi. Mbeleko nyingi hushonwa kwa poliesta, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe pamoja na joto kali la mashine ya kukaushia hudhoofisha nyuzi zake pasipo kubadilisha sura yake, hadi siku mshono utakapoachia. Lebo iliyoshonwa ukingoni, inayoeleza uzito unaoruhusiwa, ukubwa na namna ya kufua, ikifutika kwa kufuliwa, mbeleko hiyo huondolewa kwenye matumizi hata kama inaonekana mpya. Hospitali inayonunua winchi kumi na mbeleko kumi, bila kuhesabu zile ambazo wakati wowote ziko kwenye maji, imenunua mashine zitakazokaa bure kila asubuhi. Hospitali nyingine hukwepa tatizo hilo kwa kutumia mbeleko za mgonjwa mmoja, ambazo hutupwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

*Kwa ufupi, kabla ya kumwinua mtu yeyote huangaliwa haya:*

- hali ya mgonjwa: je, anaweza kusimama kwa kusaidiwa? Kama anaweza, winchi kamili si yake, maana misuli isiyotumika hulegea;
- mbeleko: aina, ukubwa, mishono, lebo;
- breki za kitanda na za kiti anakopelekwa;
- vitanzi vyote vinne, mara mbili: kabla ya kuinua na baada ya sentimita chache.

Hofu na stara

Kuning'inia hewani si jambo la kawaida kwa mtu mzima, na wagonjwa wengi huogopa mara ya kwanza, hasa wasioona vizuri na wenye maradhi ya kusahau. Wahudumu wazoefu, wakiwamo Wakenya na Watanzania wengi wanaotunza wazee katika nchi za Magharibi na ambao hukutana na winchi katika siku za mwanzo za mafunzo yao, hujua kwamba anayeinuliwa anahitaji uso wa kutazama na mkono wa kushika kuliko maelezo ya kiufundi, na kwamba mama mzee akiulizwa kwanza, "Mama, uko tayari?", mwili wake hulegea na kazi huwa nyepesi.

Suala la stara limezungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Pingamizi moja dhidi ya winchi ni kwamba humweka mgonjwa, hasa mwanamke, katika mkao usio na heshima, mapaja yakiwa yameachanishwa mbele ya watu. Pingamizi hilo ni la kweli, na dawa yake inajulikana: masikio ya mbeleko yanaweza kupishanishwa kati ya miguu ili mapaja yabaki pamoja, na khanga au shuka hutandazwa juu yake kabla mkanda haujaanza kupanda. Lakini mizani ina upande wa pili. Kumhamisha kwa mikono mwanamke mzito aliyepooza mara nyingi humaanisha kuwaita wanaume watatu au wanne kutoka popote walipo, wengine wakiwa ni jamaa wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, nao wamshike kwapani na mapajani. Penye winchi, wauguzi wawili wa kike, na kwa baadhi ya wagonjwa hata mmoja, humaliza kazi hiyo nyuma ya pazia lililofungwa. Kwa wagonjwa wa pwani, na si wa pwani tu, hiyo huenda ikawa hoja nzito kuliko mgongo wa muuguzi.

Dari za zege na dari za kenchi

Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki paa ni la mabati juu ya kenchi za mbao, na kinachoitwa dari ni bodi nyepesi zilizopigiliwa chini ya kenchi hizo kwa ajili ya kuzuia joto na vumbi. Bodi hizo haziwezi kubeba reli, na kenchi zenyewe zilikadiriwa kubeba mabati na upepo, si mtu mwenye kilo 120 anayesafiri kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Kwa majengo hayo mhandisi hupendekeza nguzo za ukutani, au fremu inayosimama yenyewe sakafuni, kama goli, ikiwa na reli juu yake. Penye zege la ghorofa kazi ni nyepesi zaidi, ingawa hapo pia hupimwa unene wa zege na nguvu ya bolti, na reli iliyokwisha kufungwa hujaribiwa kwa mzigo mzito kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Wodi za mifupa tayari zina binamu wa winchi hii: ile fremu iliyo juu ya kitanda yenye kishikio cha pembetatu, ambacho mgonjwa aliyevunjika mguu hukidaka na kujiinua ili awekewe bakuli la haja au atandikiwe shuka. Wazo ni lile lile, isipokuwa nguvu inatoka kwenye mikono ya mgonjwa. Shuka za kutelezesha na ubao laini wa kuvushia kutoka kitandani hadi machelani navyo ni vya bei ndogo, na hospitali isiyo na vitu hivyo ingefaa ianze navyo kabla ya kuota ndoto za reli. Lakini wodi za waliovunjika uti wa mgongo, ambazo ajali za bodaboda huzijaza vijana watakaohitaji kuinuliwa kila siku kwa miezi, na vyumba vya wagonjwa mahututi, ni mahali ambapo winchi ya darini ingefanya kazi tangu siku ya kwanza, na wakati wa kuamua ni pale jengo linapochorwa.

Kuamua mapema hakumaanishi kununua mapema. Kinachotakiwa kwenye mchoro ni mabamba ya chuma yatakayozikwa kwenye zege juu ya vitanda, hata kama mota zitanunuliwa baada ya miaka mingi, pamoja na kukubaliana na mafundi wengine wanaoigombania dari hiyo hiyo: fundi wa taa, wa feni, wa mabomba ya oksijeni, na hasa wa mapazia, kwa kuwa reli ya winchi lazima ikate njia ya reli ya pazia mahali fulani, na ama pazia liwe na mwanya juu ama moja kati ya hizo mbili isifike ukutani. Mgogoro mkubwa zaidi huwa mlangoni mwa bafu. Juu ya kila mlango fundi humwaga linta, yaani boriti fupi ya zege inayobeba ukuta ulio juu yake, na reli haiwezi kupenya pale isipokuwa mlango umejengwa tangu mwanzo ukiwa wazi hadi darini. Linta ikishakauka, reli huishia hapo, na mgonjwa aliyetolewa kitandani kwa winchi atafikishwa hatua mbili kutoka chooni, kisha atabebwa kwa mikono.